Nyuki Hawasomi Lebo

Mwongeli alifika dispensari nyuma ya soko la Ikutha kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na bintiye Mutindi kama gunia la ndengu. Alikuwa akihara tangu juzi. Macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama vile ulivyoiacha.

Hakuwa na wasiwasi. Daktari wa zamu alikuwa Kitonga, mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimlea mgongoni mpaka akajua kutembea.

"Mwaitu amekauka, Anko," Mutindi alisema, akimshika mama yake mkono. "Si umtundikie dripu ya chumvi?"

"Imeisha. Iko ya sukari."

"Na kule kanisani ulitufundisha mtu wa kuhara ni chumvi kwanza."

"Nilifundisha. Sasa umekuwa profesa?"

Akatundika ya sukari. Chupa ya pili ilipofika nusu, nyuki waliingia dirishani, wakatua kwenye mkono wa Mwongeli, kisha shingoni, kisha mwili mzima. Hawakumuuma. Nesi aliwaomba wasogee upande mmoja apime presha. Wakasogea. Presha ilikuwa chini, na ilikuwa inaendelea kushuka.

Mutindi alitoka kutafuta uji. Nje ya duka la dawa la Kitonga alikuta mbuzi wa soko zima wakilamba ukuta. Walikuwa wameshamaliza rangi na plasta, na sasa tofali lenyewe lilikuwa jembamba kama karatasi ya nailoni. Ndani zilionekana katoni za maji ya chumvi, zimepangwa hadi darini, kila moja na muhuri wa dispensari. Wenye mbuzi walikuwa wamekaa kivulini wakingoja washibe.

Alirudi bila uji.

"Anko, mbuzi wamepata ile chumvi iliyoisha."

Kitonga hakuinua macho. "Ile ni ya wateja."

"Na Mwaitu je?"

"Huyu ni dada yangu. Unataka nimuuzie dada yangu?"

Mwongeli alisikia yote. Alitaka kulia, lakini machozi hutaka maji, na maji mwilini hayakuwepo. Nyuki mmoja alikagua kope, akakuta pakavu, akaondoka. Jua likizama, wote waliondoka kwa pamoja, na nesi akajua hakuna haja ya kupima tena.

Kwenye mazishi, Kitonga alilia kuliko watu wote. Alilia mpaka pasta akakatiza maombi. Mbuzi walikuja kutoka sokoni, na waombolezaji wakasogeza viti wapite. Yule beberu wa mbele alimlamba Kitonga shavu la kulia, akamlamba la kushoto, akasimama kidogo kama mtu anayeonja mchuzi.

Kisha akageuka, na wenzake wakamfuata, wakarudi zao kwa ule ukuta.