Amplifaya Iliyovishwa Sweta

Usiku wa jana niliota amplifaya ya kaka Mhina imelala kitandani kwangu, upande wa ukutani anapolala dada Zahara, imejivutia shuka mpaka kidevuni. Sikushangaa sana. Nilishangaa tu kwamba ina kidevu.

Niwaeleze kwanza. Amplifaya ni lile boksi la chuma linalozipa spika nguvu. Kaka Mhina ameifunga nyuma ya kiti cha pikapu yake ya bluu, ile anayobebea machungwa hapa Muheza. Siku hizi inapiga nyimbo mbili, inapata moto, inazima. Na leo ndiyo siku ya kumpeleka Zahara kwa mumewe, Tanga mjini. Mashangazi wa bwana harusi walishatuma salamu: wakisikia muziki watatoka na vigelegele, wasiposikia watajua ni msiba unapita, watakaa ndani. Zahara alilala analia.

Basi nikaiwekea amplifaya kiganja kwenye paji la uso. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Pole," nikasema. "Homa imeanza lini?"

"Tangu waliponi..."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mtu mfupi mwenye sare nyekundu tupu, mpaka viatu. Nilimjua. Ndiye ile taa ndogo inayowaka kila amplifaya inapozima. Akaiziba mdomo kwa kidole kimoja.

"Nyimbo mbili zimetosha," akasema.

"We baba, si ungeiacha ijieleze?"

"Mimi ni mlinzi wake. Nikiizima haiungui. Ikiungua nitalinda nini?"

Nikaona ana hoja. Nikamkaribisha kiti. Akakataa, akasema akikaa atasinzia, na akisinzia nyumba itawaka.

Sasa nipo zahanati. Sakafu yake ni zulia la pikapu na mimi ndiye daktari, ingawa niliishia darasa la saba. Juzi fundi aliyekuja kuitazama amplifaya alituambia, "Kagueni kimoja kimoja, msirukie." Kwa hiyo vifaa vyote vya muziki vimekaa kwenye benchi, kimoja kimoja.

"Anayefuata!" naita.

Wanaingia spika, kina mama wawili wanene, wanahema pamoja.

"Ninyi ndio mnaomchosha mgonjwa?"

"Sisi? Mwanangu, tuko wawili, na wawili ndio walioandikwa mgongoni mwake. Msome."

Namgeuza mgonjwa, nasoma mgongoni. Kweli, wawili.

Anaingia waya mweusi, mwembamba, ananipa mkono.

"Kazi yako?"

"Kushika bodi ya gari, umeme upate pa kurudia."

"Umeshika bodi, au umeshika rangi?"

"Bodi. Fundi alikwangua rangi kwanza. Nimeshika chuma kitupu, sikiachii."

Kweli haachii. Inabidi nesi aje atutenganishe.

Anaingia fyuzi, analia.

"Nimebadilishwa mara tatu, daktari. Hata sijui mimi ni yupi."

Namwambia akapumzike. Benchi ni tupu. Hakuna mwenye kosa, na mgonjwa anazidi kuwa wa moto.

Hapo zahanati ikaanza kutembea. Kumbe tulikuwa barabarani muda wote, kwenye msafara, na tulishafika Tanga mjini. Kimya kabisa. Machungwa kwenye magunia yameinamisha vichwa. Zahara amesimama nyuma ya pikapu na shela lake, anatetemeka.

Mashangazi wakachungulia madirishani.

"Poleni jamani! Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa!" nikapiga kelele. "Tumemleta bibi harusi!"

"Mbona hana sauti?"

Zahara akaniangalia. Sitaki kusahau alivyoniangalia.

Nikamgeukia mlinzi. "Baba yangu, ninakuomba. Niachie neno moja tu kutoka kwake."

"Moja," akasema, akaondoa kidole.

"Paka," ikasema amplifaya.

Akairudishia kidole.

Nikakaa nikafikiri. Mimi ni mtu wa kuangalia vitu, na paka wetu nilikuwa nimemwangalia. Ameacha kulala jikoni kwenye majivu. Siku hizi kaka akifungua pikapu tu, paka anaingia na kujikunja juu ya amplifaya. Yaani juu ya kifuniko cha mama.

Mama yetu hataki kitu cha umeme kikae uchi. Redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni inacho, friji inacho, pasi ina chake na kofia. Cha amplifaya alikifuma kwa ajili ya harusi: uzi mnene wa sweta, maua mekundu, kimezunguka pande zote na kufungwa vifungo. Tulimsifu wote. Hata fundi alimsifu, akakifungua, akakagua, akakifunga tena vizuri.

Nikatazama juu. Mama alikuwa amekaa juu ya pikapu anafuma. Kifuniko kilikuwa kimeshafika barabarani, kinapanda nguzo za umeme, kinavisha machungwa moja moja.

"Mama, ivue."

"Nini? Ikae uchi mbele ya wakwe?"

Basi amplifaya ikajifungua vifungo yenyewe. Kumbe ubavuni ina mistari ya chuma iliyosimama, mingi, imepangwa kama mapezi. Mlinzi mwenyewe akageuka pembeni kwa heshima.

"Mama," ikasema, "haya mapezi yanataka upepo. Umewahi kuona samaki kavaa sweta?"

Mama akafikiri sana.

"Samaki wa wapi?"

"Wa popote."

"Sijawahi," mama akasema. Halafu sauti ikamshuka. "Sasa maua yangu niyapeleke wapi? Nimeyafuma macho yananiuma."

Mashangazi wakanyoosha shingo madirishani.

"Mpe mwenye baridi," akasema mlinzi.

Tukageuka wote kumtazama Zahara. Mama akashuka, akakikunjua kifuniko, akamvika mabegani, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Kikamkaa kama alipimwa. Zahara akaacha kutetemeka.

Sare ya mlinzi ikawa ya kijani, mpaka viatu.

Wimbo wa kwanza unapigwa. Wa pili unapigwa. Ukiingia wa tatu watu wote wanabana pumzi, na machungwa yanabana. Unaendelea! Unaingia wa nne! Mashangazi wanatokea madirishani, mlango wanauona unawachelewesha. Vigelegele mpaka vumbi linapanda. Spika wanacheza kwa mabega. Waya mweusi ameshika mkono wa shangazi mkubwa, hamwachii, ikabidi waozeshwe palepale. Mlinzi anakata kiuno peke yake pembeni, usoni hana hata tabasamu.

Amplifaya ikaniinamia sikioni. Ilikuwa na upepo wa baridi.

"Semeni," ikaniita kwa jina, "kesho wasinivishe."

Nikaamka. Kumeshakucha, na nje kaka Mhina anafoka.

"Nani kaingia kwenye pikapu yangu? Milango imefungwa na funguo nimelala nazo mfukoni!"

Alikuwa anajaribu muziki. Wimbo ulikuwa unaishia, na kwa jinsi ninavyozijua nyimbo zake, ulikuwa wa tatu. Nikabana pumzi. Ukaingia wa nne. Kaka akaacha kufoka.

Mama akagonga mlango. "Semeni! Kifuniko changu cha amplifaya hujakiona?"

Nikageukia ukutani. Zahara alikuwa amelala fofofo, uso umetulia, maua mekundu mabegani, vifungo vimefungwa mpaka cha shingoni. Nikaugusa uzi. Ulikuwa bado na moto wa chuma, na manyoya ya paka.

"Nimekiona, mama," nikasema. "Njoo uone kilivyomkaa."