Kinyozi na Wazee wa Kuguna

Kinyozi alikuwa na mdomo usiojua likizo, na binti yake alikuwa ameurithi wote. Mama mtu alifua mashuka hospitalini hadi jioni, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuja moja kwa moja dukani kwa baba yake, akajibanza kwenye benchi la wateja, mkoba magotini. Ulipokaribia mtihani wa mwaka, ule unaofanywa na shule zote siku moja, kinyozi akaamua kumwandaa hapo hapo, mashine mkononi.

"Haya, Profesa. Tanki lina lita mia mbili na arobaini. Robo imevuja. Zimebaki ngapi?"

"Sitini!"

Benchi zima la wazee likaguna. Aliyeguna kuliko wote ni dereva mstaafu wa lori, aliyeitwa Honi kwa sababu hata akinong'ona, mtaa wa pili wanageuka.

"Aa, sitini ndizo zilizovuja. Zimebaki mia moja na themanini."

"Huyo ndiye mjukuu wangu!" Honi akajipiga paja.

Kinyozi kichwa kikamvimba. Kila aliyekaa kitini aliondoka na upara safi na habari za Profesa.

Ndipo matokeo ya mtihani wa majaribio yakatoka, na mwalimu wa darasa akamwita kinyozi shuleni.

"Mzazi, huyu mtoto anajua," alisema mwalimu. "Tatizo ni kwamba kila akiandika jibu, ananyanyua kichwa kunitazama. Anasubiri kitu, sijui ni nini. Muda ukaisha, nusu ya karatasi iko nyeupe. Akifanya hivi kwenye mtihani wenyewe, atarudia darasa."

Kinyozi alijua mara moja. Mtoto alikuwa anasubiri wazee wagune. Kicheko kilimpanda, kisha akakumbuka. Yeye mwenyewe aliwahi kurudia darasa hilo hilo, akakaa nyuma ya watoto waliomfika kiunoni, wakamwita Mjomba mpaka akaikimbia shule. Hilo hakulitaka kwa binti yake, hata kwa mzaha.

Kesho yake akatangaza kwamba kuguna kumepigwa marufuku. Akampa mtoto karatasi za mitihani ya zamani na meza ndogo pembeni. Wazee wakaziba midomo, lakini mtoto akinyanyua kichwa alikuta kila kitu kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Nyusi za Honi peke yake zilitosha kumpa jibu.

Kinyozi akachukua shuka la kunyolea, akakifunika kioo.

"Sasa mimi nitajuaje unanifanya nini?" aliuliza Honi, povu limemjaa kidevuni.

"Utajua ukifika kwa mkeo."

"Ukinikata sikio je?"

"Utabaki na jingine. Nyamaza, Mzee wangu, mtoto anasoma."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, mwenye muziki na vioo pande zote. Wangeweza kwenda huko. Aliyehama ni kijana mmoja tu aliyekuwa na harusi yake Jumamosi, na hakuna aliyemlaumu. Wengine walikuja kama kawaida, wakanyolewa gizani kama walivyosema wenyewe, wakakaa wameinamia sakafu kama waliofiwa.

Siku moja mtoto aliandika jibu, akanyanyua kichwa. Akamtazama baba yake. Baba anachunguza shingo ya mteja. Akamtazama Honi; Honi anasoma viatu vyake. Akairudia karatasi, midomo ikicheza. Mara akachukua raba, akafuta, akaandika jingine, akaenda kwenye swali linalofuata bila kumtazama mtu.

Mkono wa kinyozi ukasimama juu ya kichwa cha mteja. Honi akang'ata kofia yake.

Siku ya mtihani mtoto aliingia dukani mchana, akakuta benchi kimya.

"Mbona mmenuna? Mtihani si umeisha?"

"Umemaliza maswali yote?" baba yake akauliza.

"Yote. Mawili tu sina uhakika nayo."

"Ulimtazama msimamizi?"

"Wa nini? Yule kazi yake kutembea tu, majibu hana."

Hapo Honi akaachia ukelele wa wiki zote zile, kuku wa jirani wakatawanyika.

Matokeo yalipokuja, hakuwa wa kwanza wala karibu na wa kwanza. Lakini alikuwa amepanda darasa, kwa alama zake mwenyewe. Kinyozi alifungua duka asubuhi hiyo na hotuba ya shukrani kichwani, imejaa vichekesho. Wazee wakakaa wakamsikiliza.

"Wazee wangu," alianza. Hotuba yote ikamtoka kichwani. Akapita benchini akimshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili, akisema asante, asante sana, na basi.

Alipofika kwa Honi, mzee akamkazia macho.

"Wewe, unalia?"

"Nywele zimeniingia machoni."

"Za nani? Leo hujanyoa hata mtu mmoja."

"Nywele," alisema kinyozi, na mkono hakuuachia.