Mwezi wa Amase

Kila asubuhi nilimwamkia Fathiya, na kila asubuhi alinijibu kwa kuelekeza kidevu ukutani. Marahaba yake sikuwahi kuisikia.

Hoteli yake iko Biharamulo mjini. Alitaka ukuta wa ndani uchorwe picha iliyokuwa kwenye kalenda kuukuu: ziwa la Japani usiku, miamba, misonobari iliyopinda, na mwezi mpevu juu ya maji. Mchora mabango aliikataa kazi, akamwambia yupo binti wa Kihangaza, kutoka Kirushya, anayepamba nyumba kwa mikono. Ndivyo nilivyoitwa.

"Umeishia darasa la ngapi?" aliniuliza.

"La nne, mama."

"Basi usinichoree migomba. Nataka Japani."

Japani siijui, lakini picha ile niliielewa. Rangi zake zilikuwa zimelala tu, hazina vivuli, na kila kitu kimezungushiwa mstari. Bibi yangu alipamba nyumba vivyo hivyo: mistari aliiinua kwa vidole, ikishakauka anajaza rangi katikati. Tatizo lilikuwa mvua. Kila masika ilimfutia kazi yote. Ukuta wa Fathiya ulikuwa ndani, mvua isingeufikia, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: kazi ya mkono wangu ibaki.

Nikainua miamba, nikainua misonobari. Anga nililipaka buluu nzito juu, nikaififisha kwa kitambaa chenye maji mpaka ikapotea pale anga linapokutana na ziwa. Mwezi sikuupaka chochote. Niliuzungushia buluu, nikauacha ukuta mweupe wenyewe ung'ae.

Fathiya alipitisha ukucha kwenye mstari uliokauka. "Hii ngumu ni nini? Puti?"

Watu walikuwa wanakula. Niliona haya kuitaja kwa Kiswahili. "Amase, mama."

"Amase," akarudia, akaridhika. Ukoo wake ulitoka pwani zamani kuja kufanya biashara, na lugha zetu hakuwahi kuzitaka.

Toka hapo ikawa sifa yake. "Kazi ya amase hiyo," aliwaambia wateja. "Si rangi za kubabaisha."

Siku moja akamwambia hivyo Fideli, mnunuzi wa maharage kutoka Murukulazo, Mhangaza mwenzangu, aliyekuwa anakunywa supu. Kijiko kikasimama njiani.

"Amase ya wapi, mama?"

"Ya Japani."

Fideli akacheka mpaka supu ikamwagika. "Kumbe na Japani ng'ombe wanakunya. Jamani, tunakula huku mavi yanatuangalia."

Meza zote zikacheka. Mmoja akauliza kama chapati nazo zimekandwa kwa amase.

Fathiya alinikuta uani naosha brashi.

"Umenipaka mavi ukutani, kisha umenipaka mbele za watu."

"Uliniuliza, nikakujibu."

"Ulinijibu kishenzi."

"Nilikujibu Kihangaza."

Akanitupia kisu cha jikoni miguuni. "Nenda kabandue. Nisione hata alama yako moja. Na hapa mjini hutashika ukuta mwingine, nitahakikisha."

Nikabandua wateja wakitazama. Miamba ilitoka vipande vipande, misonobari ikafuata, nikaikusanya kwenye ndoo. Kisha nikapaka chokaa pale palipobaki makovu. Fathiya alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Bado mwezi," alisema.

"Mwezi hauna amase."

"Una nini?"

"Hauna kitu. Huo ni ukuta wako."

Akausogelea, akaukwaruza kwa ukucha. Ikatoka chokaa yake mwenyewe. Akakwaruza tena. Fideli, aliyekuwa hajamaliza supu, akasema, "Mama, unaufanya upendeze zaidi."

"Paka buluu hapo," Fathiya akaniamuru.

"Buluu imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Kopo lilikuwa chini ya khanga yangu, ndani ya ndoo, pamoja na miamba. Nikajitwika, nikapita mbele yake bila kumwamkia wala kumuaga.