Mgeni wa Ghorofa ya Tatu

...chuo kipi, ndilo swali, chuo kipi mama, na Masuda amesimama mbele ya kaunta mkoba kifuani, kitambulisho keshakitoa, kimelala pale juu ya jiwe jeupe na picha yake mwenyewe inamtazama, chuo kipi, kwani mtu atajuaje, jengo moja, mlango mmoja, kiyoyozi kimoja kinachomgandisha mtu mifupa, na huyu msichana wa ulinzi, Annah, jina lake limeandikwa kifuani, Mganda kwa lafudhi yake, anamrudia kwa upole kama anayesema na mgonjwa, "Mama, hapa iko vyuo vinne, kila kimoja na ghorofa yake, nikuandike chuo kipi?", na yeye Masuda, mwenye mtoto mmoja tu duniani, hajui mtoto huyo ameajiriwa na chuo kipi kati ya vinne, jamani, fedheha gani hii ya asubuhi asubuhi, miaka minne ya masomo yake alimshusha langoni pale nje, Musallam kwenye usukani, yeye kiti cha mbele, Shahad nyuma na bakuli la chapati na mbaazi mapajani, kula mwanangu, usigawe chote kwa wenzio, miaka minne na hata siku moja hakuteremka akaingia, aingie kufanya nini, majengo ya wasomi haya, yeye kazi yake ilikuwa kumfikisha mtoto mlangoni, khalas, ya ndani atajua mwenyewe, na kweli, ya ndani akayajua mwenyewe.

"Maktaba," akasema, akashukuru kwamba angalau hilo analijua, "anafanya kazi maktaba," na Annah akachangamka, "Ah, maktaba ni ya vyuo vyote, ghorofa ya tatu, sasa unamtaka nani huko?", Shahad, akasema, Shahad Musallam, na jina hilo lina miaka mitatu halijapita kinywani mwake kwa sauti, nyumbani alilipiga marufuku, msinitajie, aliwaambia, Musallam na Rukiya mdogo wake, atakayenitajia huyo mtoto asinywe chai kwangu, na wakanywa chai, na hawakumtaja, watu watiifu wakati usiotakiwa utiifu, "Na wewe ni nani wake?", kalamu ya Annah inangoja juu ya daftari, kuna safu nne pale, jina, saa, unayemwona, uhusiano, "Mama yake," akasema Masuda, na Annah akainua macho, akamtazama muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akanyanyua simu, akabonyeza, akasikiliza, "Inatumika. Subiri kidogo mama, nitapiga tena," haya, atasubiri, hana pa kwenda, kuna sofa pale lakini mwanafunzi amelilalia na viatu vyake, vijana wanaingia na kutoka, mmoja kamba ya buluu shingoni, mwingine ya kijani, mwingine nyekundu, kila chuo rangi yake, wanagusisha kadi na vilango vya kioo vinawafungukia, paa, vinajifunga, paa, wote wanajulikana, wote wana rangi, na mgeni hupewa kamba ya kijivu, ipo pale mkononi mwa Annah, hajapewa bado.

Nimekusamehe mwanangu, hayo ndiyo maneno, ameyapanga toka nyumbani Al Mankhool, ndani ya teksi ameyarudiarudia mpaka dereva akamwangalia kwenye kioo, nimekusamehe, yaliyopita yamepita, mlete mtoto nimwone, kwa sauti ya utu uzima, bila kulia, maana juzi Rukiya alikuja, akaweka kikombe chini akasema potelea mbali, leo nitamtaja, "Dada, Ijumaa wanahama. Mume amepata kazi Kampala, nyumba ya Al Barsha wameshaiachia, mizigo imeshaondoka. Wewe endelea kununa, utanuna na ukuta," na leo Jumatano, na Musallam alipoulizwa akasema, "Ndiyo, Ijumaa," basi, akafungua gazeti, mwanamme huyu, miaka thelathini na moja hajawahi kumgombeza, laiti angemgombeza, laiti siku ile angesimama akasema we Masuda we, umeingiwa na nini, lakini yeye husema mara moja tu, alisema, "Kijana anaswali, ana adabu, mtoto anamtaka," na baada ya hapo akaenda mwenyewe kusimama walii, akamwozesha binti yake peke yake, akarudi na kandura yake, ile kanzu nyeupe ya Kiarabu, inanukia udi, Masuda akamtilia wali, akala.

Na huyo kijana, ya Rabi, huyo Mubarak alikuwa wapi kama si hapa hapa, kwenye kaunta hii, na kabla ya kaunta pale langoni, yeye ndiye aliyekuwa akiwafungulia mlango wa gari, Mganda mrefu wa watu, "Shikamoo mama," kila asubuhi, kwa Kiswahili chake kile cha kuokotaokota, na yeye Masuda alimjibu nini, alimjibu, "Marahaba mwanangu," kila asubuhi, mwanangu, mwanangu, na mwezi wa Ramadhani akamfungia sambusa kwenye foili, umefunga mwanangu, haya utafuturu hizi, hata akamsifu kwa Rukiya, kijana yule ana malezi, hajui kwamba zamu ikiisha anapanda ghorofa ya pili kusoma, hajui kwamba jioni wanakaa maktaba meza moja, Shahad anamsaidia insha zake, na siku alipoleta posa ndipo ulimwengu ukampindukia, mlinzi, akasema Masuda, mlinzi wa mlango, hatumjui kwao, ukoo wake nani aliyeuona, alisema hivyo yeye, binti wa mtu aliyebeba magunia ya iliki sokoni Al Ras mpaka mgongo ukapinda, baba yake Mungu amrehemu, hata yeye alipofika toka Unguja nani alimjua kwao, lakini hasira haina kumbukumbu ya baba, hasira ilimwambia mwanangu wa mlangoni ni mmoja na mkwe ni mwingine, na mkaja ulipoletwa, ile haki ya mama, nguo ya kumkumbusha tumbo alilojifunga alipomzaa bibi harusi, doti ya kanga nzuri, nyekundu na nyeusi, imekunjwa ndani ya karatasi ya kung'aa, hakuifungua hata, alimpa Rukiya airudishe, mwambie mama wa huyo bwana mie sina binti wa kuoza, Rukiya akalia, dada usirudishe mkaja, mtu harudishi mkaja, na yeye akamfungulia mlango, nenda...

"Bado inatumika," anasema Annah, "wako bize leo, wiki ya mitihani," na Masuda anaitikia kwa kichwa, hamna neno mwanangu, na neno hilo likamchoma ulimi, tazama, linatoka lenyewe, kwa kila mtoto wa mtu lipo tayari.

Kisha ile mimba, habari aliyoidaka kwa wanawake wa mtaani, hapo ndipo, hapo ndipo alipopotea kabisa kwa kujidhania ana njia, kwa sababu mimba ya kwanza huzaliwa kwao, tangu lini binti akazaa mimba ya kwanza nje ya mikono ya mama yake, hata aliyetoroka hurudi, hata aliyekata nasaba hurudi, tumbo linamrudisha, akasema moyoni sasa utakuja, mwezi wa saba utagonga mlango huu na begi lako, akatengeneza chumba, asimwambie mtu, akabadili mapazia, akanunua beseni kubwa la kukogea, akamwagiza mtu Unguja mafuta ya nazi ya kukamua kwa mkono, mwezi wa saba ukaingia, ukatoka, Rukiya akasema, bila kutaja jina, "Dada, mwari wa mimba hajileti, huendewa. Watu wa kwao ndio wanaokwenda kumchukua, ushasahau?", hakusahau, vipi asahau, yeye mwenyewe mama yake alimfuata mpaka Abu Dhabi na gari la kukodi, lakini alijiambia huyu ndiye aliyekosa, huyu aje kwa miguu yake, na mtoto kule Al Barsha, hili hakulijua, hili Rukiya amelisema juzi tu, mtoto alikuwa amefunga begi, limekaa nyuma ya mlango tangu mwezi wa sita, kila kengele ikilia alikuwa akisema ni mama, ni mama huyo, mpaka uchungu ukamshika, wote wawili wamekaa, huyu anangoja kuchukuliwa, yule anangoja kujiwa, kilomita ngapi baina yao, teksi ya dakika ishirini, ewe Mola.

Na siku arobaini zikapita, siku ambazo mama ndiye humkanda mwanawe kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, humfunga tumbo, humwambia lala mie nipo, zikapita moja moja, Musallam akitoka kila Alhamisi bila kusema aendako, akirudi kandura yake begani ina alama ya maziwa, na yeye, hili hajamwambia mtu, hata kwenye sala hajalisema, yeye kabla ya kuitia kwenye mashine alikuwa akiliweka lile bega puani, anafunga mlango wa chumba cha kufulia, anasimama na kandura ya mumewe usoni ananusa harufu ya mtoto asiyemjua jina, kwa sababu hakuuliza, na Musallam hakusema, mwaka mmoja na nusu sasa, anasimama mpaka maji yanajaa mashine, kisha anafua, mwehu gani huyu, anafua! Na nani aliyemfunga mwanawe tumbo, alimwuliza Rukiya juzi, alijifanya anauliza tu, na Rukiya akasema, "Mkwewe. Bi Mastula alikuja toka Masaka na viza ya matembezi, kama alivyokuja tena wiki hii kuwasaidia kuhama, hajui hata kuwasha jiko la hapa. Alimfunga kwa ile kanga uliyoirudisha," basi alipolisikia hilo alikwenda jikoni akafungua maji, akaosha vyombo vilivyo safi.

"Haloo, Gerishom?" Annah amepata mtu, sauti imepanda, "kuna mgeni wa Shahad hapa chini... eeh, anasema ni mama yake..." kisha anasikiliza, nyuma kijana wa kamba nyekundu amesahau kadi yake na anagongagonga kaunta, yalla, yalla, nimechelewa, na Masuda anakaza mkoba, nimekusamehe mwanangu, yaliyopita yamepita, na Annah anacheka kidogo na simu, halafu anaacha kucheka, anaziba simu kwa kiganja, "Mama, samahani. Wanauliza mama yupi. Maana mama yake alikuwa hapa jana, alikuja na mtoto kuwaaga, akaleta mandazi, hata sisi wa chini tulipata. Nada alinibonyezea lifti zote mbili."

Nada. Anaitwa Nada. Amelipata jina la mjukuu wake kwenye kaunta, kwa mlinzi, bure, kama mtu anayeelekezwa choo kilipo, na huyu msichana wa Kiganda anamjua kwa jina na kwa utundu wake, na yule wa juu anamjua, na aliyelala sofani pengine naye anamjua, jengo zima hili la vyuo vinne wanamjua Nada na wanamjua mama wa Shahad, ni mwanamke wa Masaka, analeta mandazi, na hasira inamjia Masuda mara moja, kubwa, ya kizamani, mama yupi, mie ndiye niliyemzaa, saa kumi na tisa za uchungu, mie ndiye niliyemshusha langoni, mie, mie, anatafuta la tatu halioni, anatafuta kitu cha kuweka juu ya kaunta pale karibu na kitambulisho, kitu ambacho Annah angekiona akasema aa, kumbe ndiye, na hana, kila anachokishika ni cha kabla, tangu hapo hamna, tangu hapo kuna mapazia mapya na beseni ambalo halijatiwa maji, na hasira inamwishia miguuni, inaondoka yote, anabaki na baridi, na yale maneno aliyoyapanga kwenye teksi anayasikia sasa kwa sauti yake mwenyewe, nimekusamehe, na anaona haya, haya ya kweli, mbele ya watoto hawa wenye kamba zao, kumsamehe nani, nini, mtoto aliyekaa na begi nyuma ya mlango, alikuwa amekuja na zawadi ya wizi Masuda, amekuja kumpa mtu msamaha ambao ni haki ya mtu huyo huyo kuutoa, na angeisema, Wallahi angeisema, kama simu ingekuwa wazi mara ya kwanza angekuwa ameshaisema, na mtoto angempa mkono wa heshima, shikamoo mama, na Ijumaa angepanda ndege.

Sasa hajui atasema nini, ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu hajui, na Annah bado ameziba simu, anamngoja, macho yake si mabaya, "Nimwambie nini, mama?", yalla, anasema kijana wa nyuma, vilango vinafunguka vinajifunga, daftari liko wazi kwenye safu ya uhusiano na wino haujakauka, na Masuda anaegemeza mikono yote miwili kwenye lile jiwe baridi, anasogea karibu, kwa sababu jambo hili si la kusemwa mbele ya foleni, lakini litasemwa, "Mwambie," anasema, "mwambie ni yule ambaye hakwenda kumchukua," na Annah hajaelewa, lakini anaondoa kiganja kwenye simu ayarudie maneno hayo kama yalivyo.