Mbeleko Mpakani

Niliota usiku wa jana kwamba ninaishi ndani ya karatasi ya plastiki, na sikushangaa hata kidogo.

Nilikuwa nimelala na mawazo. Jioni ile nilitakiwa kwenda kwenye masomo yetu pale Tukuyu, Mwalimu Ambakisye amalizie somo la paneli za jua za plastiki, zile nyepesi zinazokunjika kama mkeka. Niliishia mlangoni. Mwanangu Subilaga, ambaye hata kutambaa bado, alilia mikononi mwa Bibi Tumpe, jirani yetu, kile kilio cha kuita mtu, nami nikageuka nikamchukua. Nikajiambia basi, masomo niyaache mpaka akue. Nikafungua kitabu hivyo hivyo, usingizi ukanikuta juu ya ukurasa.

Ndotoni mimi ni elektroni. Nina kigoda changu, na majirani zangu elektroni wana vyao. Hakuna anayekwenda popote.

"Hodi," mtu akabisha.

"Nani?"

"Nuru."

"Karibu ndani."

Akaingia. Hakukaa. Alinigonga kifuani nikarushwa kutoka kigodani, na yeye papo hapo akawa hayupo. Nguvu zake zote zilibaki mwilini mwangu kama homa.

Nikatazama nilipokuwa nimekaa. Palikuwa na nafasi tupu yenye umbo langu, ila ndogo. Ilikuwa inalia.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Mimi Pengo. Ulipotoka ndipo nilipozaliwa."

Nikaona ni haki yake kulia. Nikamweka mgongoni kwa mbeleko, nikafunga fundo la kwanza, na la pili juu yake, kama tunavyofunga kwetu vilimani, ambako mtoto akiteleza utamkuta mtoni.

Jirani wa kigoda cha pili akanitazama. "Mama Pengo, kimbia mpakani. Hiyo nuru haikai mwilini."

"Mpakani ni mbali?"

"Zamani palikuwa mbali. Nchi yetu sisi Watoaji wa elektroni na nchi ya Wapokeaji zilipangwa moja juu ya nyingine kama chapati, na wengi waliishia njiani. Siku hizi wametuchanganya kama makande. Mahindi hapa, maharage hapo. Kila nyumba ina mpaka karibu."

"Nimesoma kwamba kwenye nchi ya silikoni, ile ya paneli ngumu za kawaida, mama na pengo hawahangaiki hivi."

"Kule wanaachana wakizaliwa tu, hata joto la kawaida linawatenganisha. Sisi wa huku tunashikana mno." Alisema bila kujisifu na bila kulaumu.

Nakimbia. Njiani namwona mama mwingine amechoka, ameketi kumbembeleza wa kwake. Pengo lake linanyamaza. Mama anainama, anaingia ndani yake, wanatoshana kabisa, na hapo walipokuwa hakuna mtu. Naweka kiganja. Pana joto dogo, kama la kikombe ambacho chai imeshanywewa.

Mpakani kuna meza. Nyuma ya meza amekaa afisa ambaye ni mpira wa kaboni, ameungwa vipande vipande kama mpira wa miguu, na ana kofia.

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba. Nani wanapita?"

"Mimi na mwanangu."

"Hapa anapita elektroni peke yake."

"Yule mama niliyemwacha njiani amekufa?"

"Hajafa. Amerudi alikokuwa. Ila nuru iliyomtoa imepotea bure."

"Sasa wangu abaki na nani?"

"Na majirani."

"Hajui kutembea."

"Pengo halitembei, mama. Jirani mmoja ataingia pale lilipo, nalo litabaki pale alipotoka jirani. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka mlango wa kioo."

"Yaani watampokezana?"

"Hiyo ndiyo kazi yao. Wewe utaruka kwa ndugu zangu mpaka mlango wa bati. Pale kuna waya, waya una taa, na ng'ambo ya taa ni mlango wa kioo. Mtakutana huko."

"Umewahi kuwaona wakikutana?"

Afisa akafikiri. "Mimi sijawahi kutoka hapa mezani. Lakini hakuna mama aliyerudi kulalamika."

Nikashika fundo. Machozi yalikuwa yamelilowesha, likakaza. Homa ya nuru ikaanza kushuka miguuni.

"Mama, unapoa," Pengo akasema mgongoni.

"Mafundo mawili," afisa akasema. "Nyie watu wa vilimani mnatupa kazi."

Nikayafungua kwa meno. La juu likaachia. La chini likaachia. Pengo akateremka mbele yangu.

"Unaniacha?"

"Nakwenda kuwasha taa."

"Halafu?"

"Halafu natokea upande wa pili."

"Sawa," akasema, akaendelea kulia.

Nikaruka, mbeleko mkononi. Nilitaka kugeuka. Afisa akaweka kofia yake mbele ya macho yangu, kwa adabu, mpaka nikapita.

Upande ule hakuna barabara. Unaruka kutoka begani kwa mpira mmoja hadi mwingine, na kila mmoja anasema "pole na safari" kabla hujaomba ruhusa. Mabega yakawa madawati. Madawati yakaisha kwenye mlango wa bati, na nyuma yake waya, na ndani ya waya tulikuwa wengi, tumebanana, kila mmoja ana mbeleko tupu mkononi.

Taa ilikuwa nyembamba sana kwa ndani.

"Pita," taa ikasema, "ila nuru uiache hapa."

"Nikiiacha nitabaki na nini?"

"Utabaki na wewe."

Nikaiacha. Pakawa peupe. Chini yangu nikaona darasa letu, Mwalimu Ambakisye na chaki yake, wenzangu wanaandika, na dawati langu halina mtu.

"Atuganile yuko wapi?" mwalimu akauliza.

Nilimjibu, lakini taa haina sauti ya mtu. Mwalimu akaendelea na somo.

Halafu mlango wa kioo. Nasimama. Hakuna mtu. Naendelea kusimama. Nachungulia ndani ya kioo, na kwa mara ya kwanza naiona nchi yetu kutoka nje: yote ni ya zambarau, na majirani ni wa zambarau mpaka kwenye kucha. Wanakuja. Wamepanga mstari usioisha, na juu ya mikono yao anakuja Pengo, analia bado, anapokewa, anatolewa, anapokewa.

Wa mwisho alikuwa mtu mwenye mikono mipana. Akanipa.

"Alikusumbueni?" nikamuuliza.

"Kidogo tu. Ana sauti."

Nikaketi ndani ya Pengo. Tukatoshana, kama yule mama wa njiani alivyotoshana na wake. Tofauti ilikuwa nyuma yetu, kule darasani, inawaka. Pengo akanyamaza.

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa Bibi Tumpe ameshachoka kuwika. Subilaga amelala kifuani kwangu. Nikamwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nikamvua soksi alizolala nazo.

Kwenye kisigino cha kulia kuna alama ya kidole gumba, ya zambarau. Nikaisugua kwa sabuni. Haikutoka. Nikaweka kidole gumba changu juu yake, nikakiona kimezungukwa na zambarau pande zote.

Nikafungua dirisha.

"Bibi Tumpe! Umeamkaje? Jioni nakuletea Subilaga, naenda darasani."

"Ataniliza na mimi huyo," akajibu, akifagia. "Mlete. Mlete na uji wake."