Tiki Moja, Kurasa Mbili

Mimi sina subira, na sifichi. Kazi yangu ni tovuti ya nyumba inayowaficha wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Tovuti husomwa na kila mtu. Pembeni tuna daftari la mtandaoni, letu wafanyakazi tu, la nani yuko chumba kipi. Nilichoshwa na kuandika tangazo lilelile mara mbili, nikaviunganisha: ukiweka tiki kwenye kisanduku, ukurasa wa daftari unatokea na kwenye tovuti. Bimkubwa, mkuu wetu, akasema, "Mwanangu, hakikisha siri zinabaki ndani." Nikamwambia aniachie kazi yangu, yeye hata nywila yake haikumbuki!

Jumatatu akaletwa mdogo wangu wa damu, taya limevimba. "Dada, safari hii akinipata ananiua." Nikamwandikia ukurasa mwenyewe: ramani ya nyumba, chumba cha tatu, dirisha la uani halina komeo, fundi aitwe. Nikaweka tiki kama nilivyozoea, mbio mbio, nikaenda kumkanda taya.

Jumatano, saa nne asubuhi, shemeji akaingia kwa dirisha hilohilo na nyundo. Hakuuliza mtu. Pigo la kwanza likavunja bega la mdogo wangu, niliusikia mfupa. Nikamrukia mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka damu ikanijaa mdomoni. Akanibamiza ukutani, meno mawili yakadondoka. Nyundo ikashuka tena, na tena, kwenye bega lilelile la mdogo wangu. Ndipo mlinzi wetu akafika na stuli, akamtwanga nayo kisogoni mpaka akazimia. Bado nilimpiga mateke. Nilitaka afe.

Simu ya shemeji ilikuwa imeanguka kitandani, kioo kinawaka. Lahaula! Ukurasa wangu, herufi kwa herufi, kwenye tovuti.

Askari na wauguzi walipofika, mdogo wangu akanong'ona kwenye machela, "Mlinzi ndiye aliyeniuza, Dada. Nani mwingine alijua?" Mlinzi, shati limelowa damu, akaapa kwa watoto wake. Askari akatoa pingu.

Ningeweza kunyamaza. Kuiondoa ile tiki ni kazi ya kidole kimoja.

"Mwacheni," nikasema. "Ni mimi. Niliyeiweka ramani nje ni mimi."

Mdogo wangu alikuwa amenishika kwa mkono wake mzima. Akauondoa.

"Huyu asipande gari," akawaambia wauguzi.