Kigae Kimoja Pungufu

Vigae vilikuwa elfu kumi, mia nne na vitatu. Binti alivihesabu mara mbili, na yeye akihesabu amehesabu. Miaka kumi na miwili ya kubandika vigae kwenye mabafu ya watu haikwenda bure.

Vyote alivifinyanga marehemu mama yake, vidogo kama kucha ya gumba, akavichoma kwenye tanuri la uani kwa ajili ya ukuta wa sebule. Alitaka mraba: mistari mia na miwili, kila mstari vigae mia na viwili. Sasa baba alikuwa amevipanga sakafuni bila saruji, kama mafundi wafanyavyo kabla ya kubandika. Mstari wa mwisho ukaishia na pengo pembeni.

"Kimepungua kimoja tu," baba alisema. "Kafa kazi haijaisha."

Miezi minne alikuwa akilibeba jambo hilo, na lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

"Tununue kimoja dukani," baba akaendelea.

"Cha dukani kitajulikana, baba. Hakiingii hapo."

"Basi pengo hilo nitalitazama mpaka nife. Umbo jingine nimetafuta, hakuna. Nimegawanya kwa tatu, kwa saba, nimefika thelathini na saba, kila mara kinabaki kitu. Namba kaidi hii."

Binti akacheka. Baba yake kwa useremala hajambo, lakini kwenye hesabu huchoka mapema.

"Namba iliyopungukiwa moja kufikia mraba haiwezi kuwa kaidi, ukiacha ile tatu, yaani nne toa moja. Tisa toa moja ni nane: mbili mara nne. Kumi na sita toa moja ni kumi na tano: tatu mara tano. Upande mmoja unapungua, wa pili unaongezeka. Hii yetu ni mia na moja mara mia na tatu."

"Maneno matupu hayo. Nionyeshe."

Akapiga magoti. Akauvunja ule mstari wenye pengo, vigae mia na kimoja, na mistari iliyobaki nayo ilikuwa mia na mmoja. Kila mstari akauongezea kigae kimoja mwishoni, taratibu, bila wasiwasi hata chembe, baba akimfuata kwa macho kama mkaguzi. Asubuhi nzima ikakatika. Cha mwisho kikaingia kwenye pembe yake, mkononi hakikubaki kitu.

Baba alizunguka, akigusa pembe moja baada ya nyingine. Zote nne zilikuwa zimejaa.

"Mama yako alijua?"

"Sijui, baba. Ila hapo hapakosekani hata kimoja."

Mzee akakaa chini na kulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wala hakujificha. Binti alimwacha alie mpaka atosheke. Kisha baba akajifuta uso kwa kiganja.

"Amemaliza," alisema. "Haya mama, kachanganye saruji."